MASIKI YA KULALIA INAYOKUFAA

Somo kwa wagonjwa wanaokatika pumzi usingizini, na kwa watu wa nyumba zao

Ndugu msomaji, labda umekwisha kumsikia mtu anayekoroma hata majirani wasikie. Watu hucheka. Husema, "Baba huyu analala vizuri, amechoka na kazi." Lakini sikiliza tena. Katikati ya kukoroma sauti inakatika. Kimya. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi, pengine mpaka thelathini. Halafu mtu anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyezama ziwani akatoka juu, kisha anaanza kukoroma tena. Asubuhi hakumbuki neno. Mke wake ndiye anayekumbuka, maana yeye hakulala.

Usingizi wa namna hii si usingizi mzuri. Ni ugonjwa. Kwa Kiswahili twaweza kuuita ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Waganga waliosoma kwa Kifaransa huuita apne. Ugonjwa huu una dawa, lakini dawa yake si kidonge wala sindano. Ni mashini ndogo ya kupuliza hewa, na masiki inayovaliwa usoni usiku. Watu wengi waliopata mashini hii huiacha baada ya siku chache. Ukiwauliza sababu, wengi hawailaumu mashini. Hulaumu masiki. Inauma, inavuja, inatia hofu. Kwa hiyo somo letu ni juu ya masiki hasa: jinsi ya kuichagua, kuipima, kuivaa na kuitunza.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Nyuma ya ulimi kuna njia ambayo hewa hupita kwenda kwenye mapafu. Njia hii ni laini, haina mfupa wa kuishika iwe wazi. Mchana nyama zake zina nguvu. Usiku, mtu akilala, nyama zinalegea. Kwa watu wengine zinalegea mno, ulimi unarudi nyuma, njia inaziba. Kifua kinajitahidi kuvuta, lakini hewa haipiti. Damu inapungukiwa na hewa safi. Ndipo ubongo unamwamsha mtu kidogo tu, njia inafunguka, anapumua. Baada ya dakika moja au mbili mambo ni yale yale tena.

Waganga huhesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi inakatika au inapungua sana, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Ikiwa ni mara 5 mpaka 15, ugonjwa ni mdogo. Ikiwa ni 15 mpaka 30, ni wa katikati. Ikipita 30, ni mkubwa. Fikiri basi: mtu wa mara 30 kwa saa, akilala saa 7, anakatika pumzi mara 210 usiku mmoja.

Dalili zake ni hizi: kukoroma sana, kukatika pumzi ambako mwenzako anakuona, kuamka na kichwa kinachouma na kinywa kikavu, kwenda kukojoa mara nyingi usiku, kusinzia mchana kazini, garini, hata kanisani mahubiri yakiwa mazuri, kusahau, na kukasirika upesi. Ugonjwa huwapata zaidi watu wanene, wanaume, wanawake waliokoma kupata mwezi, na watu wenye shingo nene. Chukua utepe wa fundi cherehani. Shingo inayopita sentimeta 43 kwa mwanamume, au 41 kwa mwanamke, ni ishara ya kuangaliwa. Lakini hata mtu mwembamba aweza kuupata. Na mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe kwa mganga, maana mara nyingi ni mafindofindo ya kooni yaliyovimba.

Wengine wakishtuka usiku kwa kukosa hewa husema, "Nimekabwa," wakamtafuta mchawi, na jirani asiye na kosa akachukiwa. Ndugu, koo lako mwenyewe ndilo linalokukaba.

Usiudharau ugonjwa huu. Husaidia kupandisha damu, huchosha moyo, na mtu mwenye nao yumo katika hatari zaidi ya kupooza upande mmoja wa mwili. Tena kuna hatari ya njiani. Dereva anayetoka Uvira na mzigo, akapita Kamanyola na kupanda njia ya Ngomo kuelekea Bukavu, akisinzia sekunde tatu tu, watu wote walio juu ya gari wamo hatarini pamoja naye. Motari vilevile. Mvuvi vilevile, akiwa peke yake mtumbwini.

2. KAZI YA MASHINI

Mashini hii huitwa CPAP. Waliosoma Kifaransa husema PPC. Maana yake ni hewa inayosukumwa bila kukoma. Mganga Colin Sullivan wa Sydney, katika Australia, pamoja na wenzake, walieleza habari yake mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa alitobolewa tundu shingoni ili apumue. Masiki za kwanza zilibandikwa puani kwa gundi kila usiku, na kubanduliwa asubuhi. Basi ukiona masiki ya leo inasumbua, wakumbuke wale wa kwanza.

Mashini inavuta hewa ya chumbani, inaisafisha kwa kitambaa, na kuisukuma katika mpira mrefu mpaka masiki. Hewa hiyo inaingia puani na kuisimamisha njia ya koo iwe wazi, kama vile upepo unavyolijaza tanga lisilegee. Nguvu yake hupimwa kwa sentimeta za maji, tangu 4 mpaka 20. Mganga ndiye anayeiweka. Usiibadilishe wewe.

Elewa neno moja ambalo limewatia watu wengi hofu. Tangu mwaka 2020, wakati wa Korona, watu wakiona masiki na mpira usoni husema, "Huyu yu karibu kufa, amewekewa oksijeni." Sivyo. Mashini hii hutoa hewa ile ile unayovuta mchana. Mtu anaivaa jioni na kuivua asubuhi, kisha anakwenda shambani au sokoni kama wengine.

Tena, mashini haiponyi ugonjwa mara moja ukaisha. Hufanya kazi usiku unapoivaa. Ni kama miwani: ukiivua, macho ni yale yale. Mashini iliyo sandukuni haimsaidii mtu.

3. AINA TATU ZA MASIKI

Kwanza, masiki ya matundu ya pua. Ina vichwa viwili vidogo laini vinavyokaa mlangoni mwa matundu ya pua. Ni nyepesi, haizibi macho, yafaa kwa mwenye miwani anayependa kusoma kabla ya kulala, kwa mwenye ndevu, na kwa anayeogopa kufunikwa uso. Lakini ikiwa nguvu ya hewa ni kubwa, yaweza kuumiza ndani ya pua.

Pili, masiki ya pua. Inafunika pua peke yake, tangu juu ya mfupa wake mpaka juu ya mdomo. Huvumilia nguvu kubwa kuliko ile ya kwanza, na mtu aweza kugeuka kitandani. Watu wengi waanze na hii.

Tatu, masiki ya pua na kinywa. Inafunika vyote viwili. Yafaa kwa mtu ambaye pua yake imeziba siku zote, au anayepumua kwa kinywa. Lakini ni kubwa, ina mahali pengi pa kuvuja, nayo hutaka kukazwa zaidi. Mtu anayetapika, au asiye na nguvu ya kuivua mwenyewe kwa mkono wake, asiivae, maana matapishi yaweza kumzuia pumzi.

Jiulize basi maswali haya kabla ya kuchagua. Je, napumua kwa pua au kwa kinywa? Ukifunga kinywa, unaweza kupumua kwa pua dakika tatu bila taabu? Je, nalala chali au ubavu? Je, nina ndevu? Je, naogopa kufungwa uso? Majibu yako ndiyo yatakayokuongoza, wala si uzuri wa masiki au bei yake. Masiki iliyomfaa kaka yako yaweza isikufae wewe, kwa kuwa nyuso ni mbalimbali kama miguu. Wewe huvai kiatu cha mtu mwingine na kwenda nacho mpaka Sange.

4. KUPIMA USO

Masiki huwa na ukubwa mbalimbali: ndogo, ya katikati, kubwa. Kosa kubwa la watu ni kuchukua iliyo kubwa mno, wakidhani ya kuwa nafasi ndiyo raha. Masiki kubwa haikai mahali pake. Mtu anaikaza, inavuja. Anaikaza tena, inamtoa kidonda.

Pima hivi. Simama mbele ya kioo, au mwombe mwenzako. Kwa masiki ya pua, pima upana wa pua kwa rula, mahali palipo papana zaidi, bila kuibana. Masiki ishike pua kwa karibu pande zote, lakini isiyabonyeze matundu wala isiziba hewa. Ukingo wake wa juu ukae kwenye mfupa wa pua, si karibu na macho. Ukingo wake wa chini ukae kati ya pua na mdomo, usipande juu ya mdomo. Kwa masiki ya pua na kinywa, ukingo wa chini ukae chini kidogo ya mdomo wa chini, kinywa kikiwa wazi kidogo, maana usingizini kidevu hushuka. Mwenye kutoa meno ya bandia usiku, apime akiwa ameyatoa. Mwenye ndevu, apime na ndevu zake kama zilivyo siku zote.

Viwanda huweka karatasi ya kupimia pamoja na masiki. Kama ipo, itumie. Wala usidhani ya kuwa "ya katikati" ya kiwanda kimoja ni sawa na "ya katikati" ya kiwanda kingine.

5. KUIVAA NA KUIKAZA

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaivaa wakiwa wameketi, mashini imezimwa, wakaikaza sana, kisha wakalala. Uso wa mtu aliyeketi si uso wa mtu aliyelala. Mashavu hushuka upande. Fanya hivi:

Kwanza, nawa uso kwa sabuni na maji, ukaushe. Mafuta ya uso yaache mpaka asubuhi. Vaselini na mafuta ya mawese huharibu mpira laini wa masiki, tena huufanya uteleze.

Pili, legeza mikanda yote. Lala kitandani kama unavyolala siku zote, kichwa juu ya mto wako.

Tatu, washa mashini. Weka masiki usoni kwa mkono, mpaka ukingo wake laini ujae hewa.

Nne, ndipo uikaze mikanda, ya kulia na ya kushoto pamoja, kidogo kidogo, mpaka hewa iache kuvuja. Hapo simama. Usiongeze. Kidole kimoja au viwili viweze kupita chini ya mkanda.

Tano, geuka ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Ikivuja, iinue kidogo kutoka usoni, iache ijae hewa tena, uirudishe. Mara nyingi hiyo yatosha bila kukaza.

Mama mwenye nywele za kusuka ajue ya kuwa mkanda huteleza juu ya misuko. Afunge kitambaa chepesi kichwani kwanza, mikanda ipite juu yake, na fundo la nywele lisiwe mahali mkanda unapopita.

Kwenye masiki utaona matundu madogo, na hewa ikitoka hapo kwa sauti ndogo. Huko si kuvuja. Ndiyo njia ya kutoa hewa uliyokwisha kuitumia. Usiyazibe kamwe kwa karatasi, gundi wala shuka. Ukiyaziba utavuta hewa chafu yako mwenyewe. Kwa sababu hiyo angalia sana: masiki nyingine za hospitali hazina matundu hayo, maana zimetengenezwa kwa mashini za namna nyingine. Usizitumie kwa mashini ya nyumbani. Na masiki ya pua na kinywa sharti iwe na kilango kidogo kinachofunguka umeme ukikatika, ili upate hewa ya nje. Kiangalie kila jioni.

6. MASIKI IKIKUSUMBUA

Hewa inaingia machoni, asubuhi macho ni mekundu: masiki imekaa juu mno au ni kubwa mno. Ishushe, au tafuta ndogo zaidi.

Kidonda au alama nyeusi juu ya mfupa wa pua: umekaza mno. Legeza. Kipande cha kitambaa laini cha pamba, kisafi na chembamba, chaweza kuwekwa kati ya masiki na ngozi. Kidonda kikifunguka, mwone mwuguzi upesi, hasa ikiwa una ugonjwa wa sukari. Masiki ya matundu ya pua yaweza kukufaa mpaka kipone, maana haigusi mfupa huo.

Kinywa kinakauka kama unga: kinywa kinafunguka usiku na hewa inatoka hapo. Jaribu kulala ubavu. Pengine wahitaji mkanda wa kushika kidevu, au masiki ya pua na kinywa.

Pua inaziba: ioshe kwa maji ya chumvi kabla ya kulala. Chemsha maji, yapoe, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita. Usitumie maji ya ziwa wala ya mto yasiyochemshwa.

Tumbo linajaa hewa: mwambie mganga. Huenda nguvu ya hewa yahitaji kuangaliwa.

7. KUIZOEA

Tuchukue mfano. Baba mmoja, dereva wa Kavimvira, amepata mashini kwa ndugu yake aliye Kanada. Usiku wa kwanza anaivaa saa moja, anaona kama anafungwa mdomo, anaitupa. Anasema, "Si ya watu wa kwetu." Miezi sita mashini inakaa chini ya kitanda. Je, ni kweli kwamba si ya watu wa kwetu? La. Hakufundishwa tu.

Ashike njia hii. Mchana, ameketi nje kivulini, ashike masiki usoni kwa mkono, mashini imezimwa, avute pumzi polepole. Afanye hivyo dakika tano. Kesho yake afunge mikanda, akizungumza na watoto. Siku ya tatu awashe mashini, dakika kumi na tano, akisikiliza redio. Halafu alale nayo usingizi mfupi wa mchana. Ndipo aivae usiku. Akiamka akakuta ameivua, asikasirike, aivae tena. Mashini nyingi zina namna ya kuanza na hewa kidogo na kuiongeza polepole mtu anapolala. Mwombe mganga akuonyeshe.

Wewe mama, mke wa mgonjwa, una kazi kubwa hapa. Usimcheke. Watoto wasimwite jina la mnyama. Mwangalie usiku: je, anakoroma bado na masiki usoni? Hewa yavuja wapi? Ulilosikia usiku ndilo mganga atakalotaka kujua asubuhi. Nawe utapata usingizi wako, uliokosa kwa miaka mingi.

Mashini yavaliwa kila ulalapo, si usiku tu. Mvuvi wa ndagala, ambaye usiku yuko ziwani na taa zake, alale nayo mchana. Saa nne ni kidogo. Usingizi wote ndio unaotakiwa.

8. CHANDARUA NA UMEME

Usiache chandarua kwa ajili ya mashini. Malaria ya pwani hii haikungojei. Weka mashini juu ya kiti au meza ndogo nje ya chandarua, chini kidogo ya kichwa chako, mbali na vumbi la sakafu. Mpira upite chini ya chandarua, ukingo wake uingizwe chini ya godoro, pasiwe na mlango wa mbu. Palipo na mafuriko, kama yale ya mwezi wa Aprili 2020 yaliyobomoa nyumba nyingi Uvira, kitu cha umeme kikae juu sikuzote.

Umeme wetu hukatika. Ukikatika usiku, mashini itanyamaza, nawe vua masiki. Usiogope, utalala kama ulivyokuwa ukilala zamani, basi lala ubavu. Mwenye betri na mabamba ya jua aweza kuitumia, lakini asome kwanza maandiko ya mashini: nyingine hutaka volti 12, nyingine volti 24. Ukikosea utaiunguza. Mwite fundi anayejua. Chombo cha kutia joto na maji ndicho kinachokula umeme mwingi. Ukikizima, betri itadumu zaidi, na mashini hufanya kazi bila maji. Betri ya gari isikae karibu na kichwa chako. Na jenereta, wala jiko la makaa, visiwe kamwe ndani ya nyumba unamolala. Moshi wake, hata usioonekana, huua, nayo mashini itaivuta hewa hiyo na kukusukumia.

9. USAFI

Kila asubuhi osha sehemu ya masiki inayogusa ngozi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Suuza vizuri, anika kivulini. Jua kali hupasua mpira. Usitumie javeli wala pombe kali ya hospitali. Mara moja kwa juma osha mpira mrefu na mikanda. Kitambaa cha kuchuja hewa kikiwa cheusi kwa vumbi, kibadilishe.

Chombo cha maji kitiwe maji yaliyotoneshwa, kama yanayouzwa kwa kazi ya hospitali. Yakikosekana, tia maji yaliyochemshwa sana yakapoa, uyamwage kila asubuhi, ukaushe chombo. Maji ya ziwa, ya mto Kavimvira au ya bomba yasiyochemshwa, hata kidogo. Twajua jinsi kipindupindu kilivyoijia Uvira mara nyingi. Maji tusiyoyanywa, tusiyavute mapafuni. Ukikosa maji mazuri, acha chombo kitupu.

10. MASHINI ILIYOTUMIWA NA MWINGINE

Mashini nyingi hutufikia mkononi mwa ndugu walio ng'ambo. Ni zawadi kubwa. Lakini kabla ya kuivaa, fanya mambo manne.

(a) Ipeleke kwa mganga aangalie nguvu ya hewa. Iliwekwa kwa ajili ya mtu mwingine.

(b) Tafuta masiki mpya, au angalau sehemu laini mpya, ya ukubwa wako. Mwandikie ndugu yako vipimo vya uso wako kabla hajanunua.

(c) Soma jina na namba yake. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mashini zake nyingi za namna hii, kwa kuwa sponji iliyo ndani yake, ya kuzuia kelele, iliweza kumomonyoka na vipande vyake kuvutwa na mgonjwa. Mwambie ndugu yako aulize kwao kama mashini hiyo imo katika hesabu hiyo.

(d) Angalia kama masiki ina sumaku katika vifungo vyake. Mtu mwenye chombo cha kusaidia moyo ndani ya kifua, au chuma kichwani, asiivae, wala asilale karibu na anayeivaa, mpaka amwulize mganga.

11. NA KAMA HUNA MASHINI?

Wengi hawana. Wasikate tamaa, maana kuna mengi ya kufanya leo hii bila franka moja. Lala ubavu; shona mfuko mgongoni mwa nguo ya kulalia, utie mpira mdogo, ukigeuka chali utakuamsha. Inua kichwa cha kitanda. Acha pombe, kasiksi na lutuku pia, maana hulegeza koo. Usimeze vidonge vya usingizi bila mganga. Aliye mnene apunguze uzito polepole, kwa samaki, mboga na kazi ya mwili. Hata kilo chache husaidia. Pima damu yako. Nawe dereva, ukisinzia, simamisha gari. Mzigo utafika kesho.

Kipimo cha usingizi hakipatikani kila mahali, na kile kifaa kidogo cha kubana kidole, ukipimwa mchana ukiwa macho, hakitoshi kusema huna ugonjwa. Kwa hiyo njoo hospitali pamoja na mtu anayelala chumba kimoja nawe. Yeye ndiye shahidi.

MASWALI YA KUJIFUNZA NYUMBANI

1. Kwa nini mtu anayekoroma sana asihesabiwe kuwa analala vizuri?
2. Aina tatu za masiki ni zipi? Ipi isivaliwe na mtu anayetapika?
3. Kwa nini masiki kubwa mno hutoa kidonda?
4. Masiki hukazwa ukiwa umeketi au umelala? Mashini imezimwa au inafanya kazi?
5. Matundu madogo ya masiki ni ya nini?
6. Ni maji gani yasiyotiwa kamwe katika chombo cha mashini?
7. Usiku wa leo, ni nani katika nyumba yako utakayemsikiliza anavyopumua?